Nani Amevaa Nguo Hapa?

Julai 1918, kambi ya kijeshi ya Camp Dodge, jimbo la Iowa, Marekani. Wanajeshi 18,000 wamepangwa uwanjani hivi kwamba ukiwatazama kutoka juu ya mnara wa mbao unaona Sanamu ya Uhuru, taji, mwenge na yote. Aliyewapanga ni Arthur Mole, mpiga picha mzaliwa wa Uingereza, pamoja na mwenzake John Thomas. Kwa sababu kitu kilicho mbali huonekana kidogo, mwenge ulikula watu wengi kuliko mwili wote uliobaki. Jua lilikuwa kali, sare zilikuwa za sufu, na kuna wanaume waliozirai wakisubiri kamera ilie.

Sasa ruka miaka 89. Tarehe 6 Mei 2007, katikati ya Mexico City, wanakusanyika watu wapatao 18,000 kabla jua halijachomoza. Hawa nao wanapangwa na mpiga picha aliye juu, nao pia wanangoja kwa masaa. Tofauti ni kwamba wakipewa ishara, wote wanavua kila kitu walichovaa na kubaki uchi wa mnyama.

Huyu wa pili anaitwa Spencer Tunick, na watu wakimtaja huwa wanauliza swali moja: kwa nini uchi? Mimi nimeangalia kazi yake kwa muda, na nadhani swali hilo halitufikishi mbali. Ukitaka kuielewa historia ya picha hizi, kila ukiona moja uliza nani amevaa nguo hapa. Kwa Mole jibu ni rahisi, wote wamevaa, tena sare, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka kuona binadamu 18,000 wakigeuzwa nukta za kuchorea sanamu. Kwa wengine jibu huwa gumu kidogo.

Mfano ni Yves Klein, Mfaransa aliyependa rangi ya buluu mpaka akabuni yake mwenyewe. Machi 1960 aliwaalika wageni kwenye jumba moja la sanaa pale Paris. Wageni walikuja wamevaa vizuri, waka­kaa vitini. Wanamuziki walipiga noti moja tu kwa muda mrefu. Kisha wakaingia wanawake watatu uchi, wakajipaka ile buluu na kujikandamiza kwenye karatasi kubwa ukutani na sakafuni, huku Klein akiwaelekeza kwa mbali, amevalia suti ya sherehe na tai ya kipepeo. Hakujichafua hata kidole. Vitabu vya sanaa vinaieleza shughuli ile kama mapinduzi, na kwa upande wa uchoraji sikatai. Lakini ukiuliza swali letu unaona kitu cha zamani sana: wanaume na pesa zao wamevaa, wanawake na miili yao wako uchi, na sahihi inayobaki kwenye kazi ni ya yule mwenye suti.

Yayoi Kusama, msanii wa Japani aliyekuwa akiishi New York, aliivuruga hesabu hiyo miaka minane baadaye. Mwaka 1968 aliwapeleka wachezaji uchi Wall Street, mkabala na soko la hisa, akawapaka madoadoa. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto na alitaka kusema jambo kuhusu pesa na vita. Hapa waliovaa suti walikuwa wapita njia, na hawakuwa wamealikwa. Ukumbi ulikuwa barabara.

Na barabara ina wenyewe. Hapo ndipo stori ya Tunick inapoanzia.

Tunick alizaliwa mwaka 1967 katika jimbo la New York, kwenye familia ya wapiga picha. Kuanzia mwaka 1992 alikuwa akitembea na kamera mjini New York alfajiri, akimpiga picha mtu mmoja au wawili uchi barabarani, haraka haraka, kabla magari hayajajaa. Mwaka 1994 alikamatwa pale Rockefeller Center akimpiga picha mwanamitindo kwenye mapambo makubwa ya Krismasi. Akaachiliwa, akarudi barabarani, akakamatwa tena. Kufikia mwaka 2000 alikuwa amekamatwa mara tano. Kikundi nacho kilikuwa kikikua, na Aprili 1999 alijaribu kuwalaza watu 150 hivi kwenye lami ya Times Square. Karao wakaja.

Meya wakati huo alikuwa Rudy Giuliani, mtu aliyejenga jina kwa kusafisha jiji, na "kusafisha" hapa lisome vile unavyolisoma ukisikia kanjo wanakuja kusafisha Tom Mboya Street. Mwaka huo huo wa 1999 alitishia kulikatia fedha jumba la makumbusho la Brooklyn kwa sababu ya mchoro wa Bikira Maria uliotengenezwa na Chris Ofili, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, aliyetumia kinyesi cha ndovu. Kwa hivyo Tunick hakuwa peke yake.

Alichofanya ni kwenda kortini kulishtaki jiji. Na hapa naomba mnivumilie kidogo, maana sheria yenyewe ni tamu. Kanuni ya adhabu ya New York inakataza mtu kuonyesha sehemu zake za siri hadharani, lakini inaacha mlango. Katazo hilo halimhusu mtu anayeshiriki kwenye mchezo wa kuigiza, maonyesho au burudani. Yaani sheria haikusema mwili ni kosa. Ilisema mwili ni kosa mpaka uwe sehemu ya kitu cha kutazamwa. Basi korti ilibidi ijiulize: watu waliolala barabarani alfajiri kwa dakika chache mbele ya kamera, bila jukwaa, bila tiketi, ni maonyesho au ni watu tu walio uchi?

Jiji lilisema ni watu tu. Hakimu wa shirikisho akaelekea upande wa Tunick. Jiji likakata rufaa, na Mei 2000 mahakama ya rufani ikamuunga mkono Tunick. Jiji likakimbilia Mahakama ya Juu ya Marekani kuomba picha hiyo izuiwe, ikakataa kuizuia. Jumapili ya tarehe 4 Juni 2000, watu wapatao 150 walivua nguo chini ya daraja la Williamsburg, wakapigwa picha, wakavaa, wakaenda nyumbani. Safari hii polisi hawakumgusa mtu.

Jina la kesi hiyo ni *Tunick dhidi ya Safir*, Safir akiwa mkuu wa polisi. Naipenda kwa sababu moja. Ilimaliza ubishi bila kumlazimu mtu yeyote kuamua kama picha ni nzuri. Binafsi naziona zile za mwanzo ni za kawaida tu.

Baada ya hapo kazi ikatoka Marekani na idadi zikapanda: Montreal mwaka 2001 watu kama 2,500, Melbourne mwaka huo huo kama 4,500, Barcelona mwaka 2003 watu 7,000. Utaratibu haukubadilika sana. Unajiandikisha. Unafika kukiwa bado giza, umevaa, unajaza fomu ya kukubali. Hulipwi, utapewa nakala ya picha. Unasimama masaa ukiongea na usiowajua. Tunick anapanda ngazi na kipaza sauti, anaeleza pozi. Kisha neno linatolewa, na hapo hakuna kurudi: ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Waliowahi kushiriki husimulia karibu kitu kimoja, kwamba aibu hudumu dakika chache tu halafu inapotea, na kinachobaki ni baridi. Ukifikiria ni kawaida. Mia wakiwa wamevaa na mmoja uchi, wote wanamwangalia yule mmoja. Wote wakiwa uchi hakuna cha kuangalia. Mwenye kuonekana kituko ni yule mmoja juu ya ngazi, ambaye kwa kawaida huwa amevaa.

Katika hizo zote, ya Santiago ndiyo hunisimamisha. Ilikuwa tarehe 30 Juni 2002, na kule Juni ni kipupwe, joto karibu na sifuri. Chile ilikuwa imetoka kwa udikteta wa Pinochet mwaka 1990 lakini bado ilikuwa nchi ya kufunga vifungo mpaka shingoni. Talaka yenyewe ilikuja kuruhusiwa mwaka 2004. Wakristo wa kiinjilisti walijitokeza kupinga. Waandaaji walitarajia watu wachache. Walikuja zaidi ya 4,000, wakavua, na kabla hawajalala chini wakakimbia barabarani wakishangilia kama watu waliofungwa goli la ushindi upande wao.

Mtazame Mchile wa miaka 45 kwenye picha ile. Mwaka 1973 alikuwa kijana wa shule wakati wanajeshi walipowajaza watu katika Uwanja wa Taifa wa Santiago na kuwatesa. Alikua kwenye mji wenye kafyu, ambako kukusanyika tu kulikuwa hatari na ambako kuna watu walichukuliwa wakapotea kabisa. Mwili uliolala chini barabarani Santiago una historia yake, na picha ya Tunick haiwezi kujifanya haijui. Kuna wahakiki waliosema marundo yake ya miili yanakumbusha makaburi ya halaiki na kambi za Wanazi, na kwamba ni kukosa adabu. Naelewa wanachosema. Lakini waliokuja Santiago walitembea kwa miguu yao mpaka pale, wakalala, kisha wakaamka.

Turudi Mexico City. Uwanja unaitwa Zócalo. Upande mmoja kuna Kanisa Kuu, upande mwingine Ikulu ya Taifa, na chini ya mawe kuna mabaki ya Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki uliobomolewa na Wahispania. Wiki mbili kabla ya picha, jiji lilikuwa limepitisha sheria ya kuruhusu kutoa mimba katika wiki 12 za kwanza, na Kanisa lilikuwa limekasirika. Katika hali hiyo watu 18,000 wakavua nguo mbele ya mlango wake. Walisimama wakapiga saluti. Walilala. Kisha wakajikunja, magoti kifuani na vichwa chini, na kwa picha hiyo uwanja mzima unageuka kuwa shamba la mawe ya rangi ya kahawia. Hujui nani mnene, nani mzee, nani mwanamke. Ni picha nzuri kuliko zote alizopiga, nitabishana na mtu yeyote.

Kilichofuata hakiko kwenye picha hiyo. Tunick aliwaomba wanawake wabaki kwa pozi zao peke yao, na wanaume wakaenda kuvaa. Wanawake kadhaa walisimulia baadaye vile hali ilivyogeuka. Wanaume wale wale waliokuwa wamejikunja kando yao, sasa wakiwa na suruali zao, walitoa simu na kamera wakaanza kuwapiga picha. Kukawa na miluzi. Kukawa na maneno. Ngozi za wanawake hazikuwa zimebadilika hata kidogo tangu dakika ishirini zilizopita. Kitu pekee kilichobadilika pale uwanjani ni kwamba kuna watu walivaa.

Nikisoma hayo sikushangaa, na sidhani msichana yeyote anayepanda matatu Nairobi atashangaa. Novemba 2014 mwanamke alizingirwa kwenye stage katikati ya jiji na wanaume waliosema nguo yake ni fupi, wakamrarulia. Kuna aliyekuwa na simu, na video ikazunguka nchi nzima. Tarehe 17 mwezi huo wanawake na wanaume waliandamana kutoka Uhuru Park chini ya maneno #MyDressMyChoice. Kabla mwaka haujaisha Bunge liliongeza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka kumi. Iweke hiyo kando ya sheria ya New York. Yao inamwangalia aliye uchi na kuuliza kama ana sababu. Hii yetu mpya inamwangalia aliyevaa.

Kiswahili kilishaliona hilo. Kati ya *kuvua* na *kuvuliwa* kuna silabi moja tu, na maisha mawili tofauti. Hata ukisema fulani alivuliwa nguo mkutanoni, kila mtu anajua nguo zake hazikuguswa. Aliaibishwa, basi.

Lakini kuna tukio la hapa ambalo linaikataa hesabu yangu yote. Februari 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, pale tunapopaita Freedom Corner, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Na baadhi ya wale kina mama wazee wakavua nguo mbele ya polisi. Ukiuliza nani amevaa, jibu ni wenye rungu, na kwa kanuni ya Zócalo wao ndio walipaswa kuwa na nguvu. Walioangalia pembeni ni wao. Uchi wa mama mbele ya kijana wa umri wa mwanawe ni laana, na kila askari pale alikuwa na mama. Kina mama walihamia kanisa la All Saints, wakaendelea huko kwa takriban mwaka mzima.

Kwa hivyo sitaki kumfanya Tunick kuwa zaidi ya alivyo. Uchi wake una kibali. Una tarehe, fomu, polisi wa kufunga barabara, na jumba la sanaa linalolipia. Ana haki hiyo, aliipigania kortini, lakini kibali kinapunguza makali. Ndiyo maana kazi zake za baadaye nazitazama haraka. Sydney mwaka 2010, watu 5,200 mbele ya Opera House, mashoga na wasio mashoga wamekumbatiana: nzuri, ina joto. Hull, Uingereza, Julai 2016: watu 3,200 wamepakwa buluu ya aina nne, rangi zilizotokana na michoro ya bahari iliyoko kwenye jumba la Ferens lililoagiza kazi hiyo. Ukiona barabara za Hull zimejaa mto wa watu wa buluu unafurahi. Kisha unamkumbuka Klein, na unagundua rangi nayo ni kama nguo. Wale watu wamevaa. Hakuna mweusi wala mweupe, makovu hayaonekani vizuri, na gazeti la asubuhi linaweza kuichapa ukurasa wa mbele bila mhariri kupoteza usingizi. Bogotá mwezi mmoja kabla yake hawakupakwa kitu. Watu 6,000 walisimama kama walivyo kwenye Plaza de Bolívar, nchi ikiwa inasubiri mkataba wa amani baada ya nusu karne ya vita. Nipe hiyo.

Siku hizi anayekataza si meya tena. Juni 2019 watu zaidi ya mia moja walilala barabarani uchi nje ya ofisi za Facebook mjini New York, katika jiji lile lile la kesi, na hakuna polisi aliyekuwa na shida nao. Shida ilikuwa kwenye simu. Facebook na Instagram zilikuwa zinafuta picha zenye chuchu za wanawake na kuacha za wanaume, hata kama ni kazi ya sanaa. Basi waandamanaji walishika picha kubwa kubwa za chuchu za wanaume na kujifunika nazo. Sheria ya New York iliacha mlango kwa ajili ya maonyesho, na kwa sababu mlango upo, unaweza kumpeleka polisi mbele ya hakimu akaulizwa. Algorithimu ikifuta picha yako saa nane usiku, unampeleka nani wapi?

Mwaka uliofuata kukawa hakuna mikusanyiko kabisa. Korona ilikuwa imefunga viwanja vyote alivyowahi kujaza watu. Tunick akahamia Zoom. Watu wa nchi mbalimbali walikaa mbele ya kompyuta zao, kila mmoja kwake, na yeye akawapanga kwenye vijisanduku kama alivyokuwa akiwapanga kwenye lami. Walivua kila kitu kama kawaida. Kitu kimoja tu aliwaomba wavae, barakoa.